Jina Linaloitwa Kila Alhamisi

Mgeni rasmi,

Daktari wetu, wauguzi, dada wa dirishani, na ndugu zetu mliosimama kwa sababu viti vimekwisha,

Tunakusalimu kwa heshima zote. Umekuja kufungua chumba kipya cha mapokezi na kuwasha mfumo wa kompyuta utakaotuandikisha sote. Tumefurahi, na si furaha ya kupiga makofi kwa kuwa tumeambiwa tupige. Ila kabla hujakata utepe, tunalo ombi linalomhusu mtu mmoja. Mfumo huu ukiwashwa leo bila ombi hilo kusikilizwa, kuanzia kesho mtu huyo hatakuwa mgonjwa wa zahanati hii, na dawa zake zitakuwa zimeishia hapo. Tutalifikia taratibu, maana halieleweki likisemwa kwa pupa.

Anayesoma mbele yako ni fundi wa makochi. Risala tumeiandika wote, lakini sehemu yake kubwa inamhusu yeye, naye ameomba aitwe Fundi tu, kana kwamba tunamzungumzia mtu aliyebaki nyumbani. Kwenye mazoezi alijaribu kusema "mimi", akafika mstari wa pili akaomba maji. Basi tukakubaliana kwamba yeye atasoma, na Fundi atakuwa mtu mwingine.

SISI NI NANI

Mgeni rasmi, sisi ni wagonjwa wa sukari na presha. Siku yetu ya kuonana na daktari na kuchukua dawa ni Alhamisi, ndiyo maana tunaitwa Wagonjwa wa Alhamisi. Hatukukusudia kuwa na umoja. Tulikuwa na benchi, lile refu lililoegemea ukuta wa mapokezi ya zamani, na mtu ukikaa na mwenzako asubuhi nzima, wiki nenda wiki rudi, mwishowe unajua anaumwa nini, amenuniana na nani, na kiatu kipi kinambana. Yumo kati yetu mzee tunayemwita Redio, kwa sababu akianza kusimulia habari za nyonga yake hazimiki mpaka aitwe na daktari.

Mapokezi yale yalikuwa na dirisha la kioo lenye tundu dogo upande wa chini. Ukitaka kusema jambo lako unainama, unapeleka mdomo kwenye tundu, na unapaza sauti, kwa sababu ndani kuna feni na nje kuna watoto wanaolia. Kila ugonjwa uliosemwa pale ulisikika mpaka kwa mlinzi wa getini.

Palikuwa na utaratibu mwingine. Jina lako likiitwa usipoitika, faili lilirudishwa kabatini nawe unaambiwa uje wiki ijayo, hata kama ulikuwa umekwenda msalani. Na mgonjwa wa sukari, mgeni rasmi, ni mtu wa msalani. Tukajiwekea desturi yetu. Jina likiitwa na mwenyewe hayupo, yeyote aliye karibu anaitikia, "Yupo njiani." Faili linabaki mezani, mwenyewe akirudi anakuta nafasi yake. Hatukuona ubaya wowote katika hilo. Tuliona ndiyo ubinadamu.

TULIYOJIFUNZA

Zamani tulikuja zahanati kama watu wanaokuja kuomba msamaha. Tukiambiwa tusubiri tunasubiri, tukiambiwa tuondoke tunaondoka, na swali tulilokuja nalo tunarudi nalo nyumbani. Aliyetutoa tongotongo ni mke wa Fundi. Wengi wetu tulimwita Shangazi, hata waliomzidi umri.

Shangazi alikuwa haingii zahanati mikono mitupu. Alikuja na pakiti tupu za dawa kwenye mfuko, ili asije akasema "ile nyeupe" kwa watu wenye dawa nyeupe za kila namna. Hakungoja dawa ziishe ndipo aombe nyingine. Zikibaki za wiki moja tu utamwona ameinama dirishani. Alitufundisha kwamba mtu akipata dharura apige simu kusema haji, ili nafasi yake apewe mwingine, na wakati huo huo apangiwe siku nyingine. Kabla yake sisi tulikuwa tunapotea tu, halafu tunarudi na sura ya huruma.

Majibu ya vipimo ndiyo yaliyomgombanisha na Redio. Redio alipimwa damu, hakuitwa, akatutangazia kwamba yu mzima. Shangazi akamwambia, "Nani kakwambia? Kunyamaziwa si jibu. Nenda kaulize." Redio akanuna, akaenda, na akabadilishiwa dawa siku ile ile. Mpaka leo anasema alikuwa na nia ya kwenda mwenyewe.

Hayo tunafundishana mpaka sasa. Anayehama nyumba au kubadili namba ya simu tunamkumbusha apite dirishani aseme. Asiyeweza kusimama kwa miguu tunamhimiza amchague mtu anayemwamini, amtaje kwa daktari kwa ridhaa yake mwenyewe, ili mtu huyo amchukulie dawa na kumuulizia. Anayeona haya kutaja ugonjwa wake mbele za watu tunamwambia ana haki ya kusema, "Naomba niseme na wewe pembeni." Haki hiyo tunayo. Pembeni ndipo hatukuwa napo, mpaka chumba hiki kilipojengwa.

JAMBO LA FUNDI

Changamoto zetu ni nyingi, lakini tukizipanga zote hapa utazisahau kabla hujafika kwenye gari. Tutakueleza moja.

Fundi ni mtu wa mikono. Mletee kochi lililobonyea, lenye springi zilizotoka nje, atalirudishia umbo mpaka mwenyewe ulikane. Lakini kusema kwenye tundu la kioo kulimshinda. Akifika dirishani anachokumbuka ni jina lake tu. Basi Shangazi alimsemea. Walikuja pamoja kila Alhamisi, yeye Fundi anakaa mwisho wa benchi, mkewe anainama: "Dada yangu, huyu wangu dawa zake zimebaki za wiki moja. Na ile ndogo inamletea kikohozi, mwambie daktari." Hata walipoandikishwa waliandikishwa kama nyumba moja, kwa jina la Shangazi na simu ya Shangazi. Dawa za yeyote kati yao zikiwa tayari, linaitwa jina la Shangazi. Jina hilo hatutalitaja hapa. Limeshatajwa vya kutosha.

Shangazi alifariki ghafla, wala si kwa ugonjwa uliokuwa ukimleta hapa. Tulimzika, tukakaa na Fundi, tukamlazimisha kula. Katika mwezi huo huo dada wa dirishani tuliyemzoea akahamishwa, akaja huyu wa sasa, mpole na mchapakazi, ambaye hakuwa anamjua yeyote kati yetu.

Alhamisi ya kwanza baada ya matanga kuisha, Fundi alikuja peke yake. Akakaa mwisho wa benchi kama kawaida yake na akaacha nafasi ya mtu mmoja pembeni. Hakuna aliyeikalia. Dada akaanza kuita majina, moja moja, mpaka akalifikia la Shangazi. Akaliita tena. Fundi akainamisha kichwa akaviangalia viatu vyake.

Mgeni rasmi, ungekuwa wewe ungefanyaje? Ilibidi mmoja wetu ainuke, ainame kwenye lile tundu, na apige kelele kwamba mwenye jina amekufa, mumewe akiwa amekaa hatua chache tu nyuma yake. Tuliangaliana. Moyo wa kusema hivyo hakuwa nao mtu. Redio akakohoa, akaitikia, "Yupo njiani, mwanangu."

Tulimshukuru kimoyomoyo. Dada akaliweka faili pembeni ya meza, akaendelea na wengine. Mchana ulipoingia Fundi akainuka, akatuaga, akaenda zake bila dawa. Tukadhani ameshazichukua. Yeye alidhani ataweza wiki ijayo.

Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine, na nyingine. Jina likiitwa, mmoja wetu anaitikia. Tulizoea, na kuzoea huko ndiko kunakotuuma. Fundi naye alikuwa amejipangia maneno ya kusema. Aliyarudia barabarani akitembea: mke wangu amefariki, naomba dawa zangu mimi. Maneno machache tu, yasiyojaza hata kiganja. Lakini jina lilipoitwa na mtu akaitikia kwamba mwenyewe anakuja, kitu ndani yake kililegea, na yale maneno yakapotea. Aliondoka kila mara akijilaumu.

Nyumbani alikuwa akivikata vidonge vyake nusu kwa mkasi wa kukatia vitambaa, ili visogee mbele. Baadaye akawa anavimeza siku moja na kuruka nyingine. Zahanati ilikuwa ikimtumia ujumbe kwamba dawa zake ziko tayari na kwamba daktari anataka kumpima, lakini ujumbe uliingia kwenye simu ya Shangazi, na simu hiyo ilikuwa kabatini, imezimwa, katikati ya nguo zake. Fundi hakuiwasha. Alihofia kukuta watu bado wanamtafuta.

Alhamisi moja hakutokea benchini. Kabla ya mchana majirani wa karakana walimleta mikononi. Walimkuta amelala juu ya kochi alilokuwa akilivua kitambaa, nyundo chini, mdomo umekwenda upande. Daktari akamwingiza ndani mbio mbio, na akiwa mlangoni akauliza, "Mtu wake ni nani? Nahitaji kujua anatumia dawa gani na lini alizimeza."

Majirani wakamtajia dada jina lake, naye akalikuta ndani ya faili la nyumba. "Mtu wake ni mkewe." Akapiga simu. Haikupatikana. Akapiga tena. Kisha akatoka nje ya kile chumba chake, na siku ile ndiyo tuliyomwona mzima mzima kwa mara ya kwanza, tuliyezoea kumwona kuanzia kifuani. Akasimama mbele ya benchi.

"Mkewe yuko wapi?" akauliza. "Kila wiki mnaniambia yupo njiani. Leo yuko wapi?"

Baadhi yetu tulilia pale pale, watu wazima na mvi zetu. Aliyeinuka ni Redio. Alijikongoja mpaka karibu naye, akamwambia kwa sauti ya chini, na haijapata kusikika Redio akisema kwa sauti ya chini.

Dada akaketi kwenye benchi letu. Akasema, "Kwa hiyo muda wote huu nilikuwa namwita mbele ya mume wake?"

"Hukujua, mwanangu," Redio akamwambia. "Sisi ndio tuliokuwa tunajua."

Tunamshukuru daktari wetu na wauguzi kwa dhati, kwani Fundi yuko hai. Mdomo umerudi mahali pake. Mkono wa kushoto haujarudi vizuri. Unaweza kushika karatasi hii lakini hauwezi kuvuta kitambaa kikakaza, na fundi wa makochi asiyeweza kuvuta kitambaa ni mtu anayemtazama mwingine akifanya kazi yake.

TULIPOKWAMA SASA

Unaweza kusema, mgeni rasmi, kwamba sasa ukweli umejulikana na mambo yamekwisha. Hayajaisha. Dada alitaka kulitenganisha faili, akaambiwa faili la nyumba halivunjwi hapa zahanati, na kwamba asubiri mfumo mpya. Mpaka Alhamisi iliyopita dawa za Fundi zilitoka kwa jina la marehemu. Dada hapazi sauti tena. Analisema polepole karibu na Fundi, naye anainuka.

Mfumo mpya umekuja. Taarifa ya kifo imeshaingizwa, kwa hiyo ukiwashwa leo faili la Shangazi linafungwa, na Fundi aliyemo ndani yake anafungiwa humo humo. Dada alijaribu kumfungulia lake. Jina likakubali, umri ukakubali, ugonjwa ukakubali. Akafika mahali panapouliza mtu wa kuarifiwa mgonjwa akizidiwa. Lazima awe mke, mume, mzazi, mtoto au ndugu. Pakiachwa wazi, kompyuta inakataa kuhifadhi.

Fundi na Shangazi hawakujaliwa mtoto. Wazazi wake wametangulia, kaka zake wametangulia. Dada alimuuliza kwa upole, "Baba, hakuna hata mmoja wa kumwandika?" Fundi akafikiri sana, kisha akasema mtu wake alikuwa ni yule yule.

Jambo moja zaidi, ambalo Fundi mwenyewe ametaka liwemo, ingawa tulimwambia halimlazimu. Siku tulipokuwa tukiandika risala hii tulimtaka radhi kwa kuitikia jina la mkewe. Akasema:

"Msinitake radhi sana. Mimi nilikuwa napenda kulisikia. Nyumbani kila mtu alishamwita marehemu. Hapa peke yake ndipo palipobaki ambapo bado alikuwa anasubiriwa."

Tukaacha kuandika siku ile. Tuliendelea kesho yake.

TUNAYOOMBA

Kwanza, chumba hiki kina kona yenye pazia. Tunaomba ibaki kuwa kona ya kuzungumzia, isije ikageuzwa stoo ya maboksi na ndoo za kupigia deki. Kifo, mimba, kidonda, na aibu za kila aina zinahitaji mahali pa kusemewa taratibu.

Mtu akija kusema amehama, amebadili simu au amefiwa, tunaomba arekebishiwe hapa hapa siku hiyo hiyo. Asitumwe kwenye ofisi nyingine kuthibitisha msiba wake.

Jina likiitwa na mwenyewe asiitike, tunaomba faili lisikimbizwe kabatini. Na dada aulize kwa kawaida tu, "Huyu mna habari zake?" Tukiulizwa hivyo tutasema kweli. Nasi kwa upande wetu tumeacha kuitikiana. Ilituwia vigumu kuliko unavyodhani, kwa sababu mdomo umezoea.

Tunaomba pia kila mgonjwa awe na faili lake na namba yake, hata akiwa na mwenza anayemsemea vizuri namna gani. Kusemewa ni kuzuri, lakini mtu asiwe hayupo popote kwa jina lake mwenyewe.

Ombi la mwisho ndilo tulilokuahidi mwanzo. Kompyuta iko pale mezani nyuma ya utepe, na dada ameacha ukurasa wa Fundi wazi. Kila kitu kimejazwa isipokuwa mahali pa mtu wa kuarifiwa. Tunaomba, kabla mfumo haujawashwa, paandikwe sisi. Namba ya simu tunayo. Simu yenyewe tumeinunua kwa kuchangishana, inakaa kwa muuza magazeti aliye mkabala na geti, usiku inalala kwa mlinzi, na haizimwi. Dawa anazotumia Fundi tunazijua, saa anazomeza tunazijua, na tumepangiana zamu ya kupita karakana kumwangalia. Akizidiwa saa yoyote, pigeni, atakuja mtu.

Tumeambiwa orodha ya mfumo haina neno "jirani", wala "mgonjwa mwenzake". Tunajua kuongeza neno kunahitaji wakubwa, na wewe ndiye mkubwa uliye karibu nasi leo. Lakini kama neno haliongezeki kwa leo, mwambie dada abonyeze "ndugu". Tupo hapa sote, na hakuna atakayesimama kusema ni uongo.

Mungu akujalie afya njema wewe na nyumba yako, akufikishe salama unakokwenda, na siku utakayougua, kwani hakuna asiyeugua, akupe wa kukuulizia.

Ni sisi watu wake,

Wagonjwa wa Alhamisi